Hadithi ya kupokezana si dawa, lakini humfungua mtoto kinywa

Mtoto analetwa kwa daktari akilalamika kichwa. Juma lililopita lilikuwa tumbo. Anapimwa malaria, hana. Choo na mkojo navyo havionyeshi kitu. Mama anaeleza kwamba mwanawe hali vizuri, hushtuka usiku akilia, na siku hizi ameanza tena kukojoa kitandani ilhali aliacha tangu akiwa na miaka minne. Daktari anapomwuliza mtoto mwenyewe ana nini, anainamisha kichwa asijibu.

Hali hii huonekana Nairobi, Mombasa, Nakuru na kwingineko. Lakini katika kaunti ya Turkana, hasa mjini Lodwar na katika kambi ya Kakuma iliyo umbali wa kilomita zipatazo 120 kaskazini-magharibi, ni hali ambayo mhudumu wa afya hukutana nayo mara kwa mara. Wako watoto waliokimbia vita, wakashuhudia mambo ambayo hata mtu mzima hastahili kuyaona. Wako pia watoto wa wenyeji ambao mifugo yao iliangamia katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ikapita mfululizo bila mvua ya kutosha, na familia zikasambaratika kutafuta riziki.

Shirika la Afya Duniani, WHO, limekadiria kwamba katika sehemu zilizokumbwa na vita, takriban mtu 1 kati ya 5 ana tatizo fulani la akili, kuanzia wasiwasi na huzuni nzito hadi magonjwa makali. Kwa hivyo ukiona mtoto mmoja aliyenyamaza, fahamu kwamba wenzake ni wengi.

Leo tutazungumzia jambo moja linaloweza kumsaidia mtoto wa namna hii, na ambalo halihitaji pesa wala duka la dawa. Ni mchezo wa kutunga hadithi kwa kupokezana. Tutaeleza pia mahali ambapo mchezo huo hukoma kusaidia na matibabu yakahitajika, kwa sababu kuna watu wanaochanganya mambo haya mawili, na kuchanganya huko kunaweza kumdhuru mtoto.

Mchezo wenyewe

Wengi wetu tuliulewa mchezo huu bila kujua kwamba una faida. Bibi alisema "Hadithi! Hadithi!" nasi tukajibu "Hadithi njoo!" Pwani walisema "Paukwa!" wakajibiwa "Pakawa!" Kwa Wasomali msimulizi husema "Sheeko sheeko," na wasikilizaji humjibu "Sheeko xariir," yaani hadithi ya hariri. Hata vitendawili vina utaratibu huo huo: mmoja hutega, kundi hutegua, na likishindwa humpa mji. Katika mila hizi zote msikilizaji ana kazi. Asipoitikia, hadithi haiendi.

Hadithi ya kupokezana huongeza hatua moja tu. Badala ya msimulizi mmoja na waitikiaji wengi, kila aliyeketi katika duara hutia sentensi yake, na hakuna anayejua hadithi itaishia wapi.

Wazungu nao wana aina zao. Tangu 1974 kuna mchezo wa Kimarekani uitwao Dungeons & Dragons, ambapo watu wachache huketi mezani, kila mmoja akajipa mhusika wake, na wote wakatunga safari moja chini ya msimamizi. Siku hizi baadhi ya washauri wa afya ya akili huutumia kuwasaidia vijana wenye haya. Huko hununuliwa vitabu na dadu za pembe nyingi. Sisi tunahitaji kivuli na kijiwe cha kupitisha mkononi.

Jioni moja huko Kakuma niliketi kando ya watoto tisa waliokuwa chini ya mwarobaini. Aliyewaongoza ni mama mmoja, naye mkimbizi, aliyefunzwa kazi ya kuwaangalia watoto. Lugha yao ilikuwa Kiswahili, kila mmoja na lafudhi ya kwao. Mama alianza: kulikuwa na ngamia aliyekataa kunywa maji. Akampa kijiwe msichana wa kwanza.

"Kwa sababu aliona uso wa fisi ndani ya maji."

"Kumbe fisi alikuwa juu ya mti."

Hapo pakawa na kelele. Fisi hapandi mti! Mvulana aliyefuata akaokoa hadithi: "Huyu alifunzwa na nyani. Alimlipa mbuzi wawili."

Kijiwe kilimfikia mvulana mmoja mwembamba wa miaka kama kumi. Akakipitisha bila kusema. Mzunguko wa pili akakipitisha tena. Hakuna aliyemcheka, kwa maana kanuni ya mchezo ilimruhusu. Mzunguko wa tatu alikishika kwa muda, akasema kwa sauti ya chini: "Yule ngamia alikuwa anamngoja mama yake."

Watoto wakanyamaza kidogo. Kisha msichana aliyekuwa karibu naye akakipokea kijiwe, akasema: "Basi wakamwekea maji yake kando, asife kiu akimngoja."

Hadithi ikaendelea. Hakuna aliyemwuliza yule mvulana mamake yuko wapi, wala mwongozaji hakusimamisha mchezo. Lakini alisikia. Watoto walipotawanyika alimwita, wakaketi wawili.

Kwa nini unamgusa mtoto

Mtu anapokutana na hatari kubwa, mwili hupiga king'ora. Homoni kama adrenalini humwagika katika damu, moyo hudunda mbio, misuli hukazana, na ubongo huwa na kazi moja tu, nayo ni kuokoa maisha. Hatari ikiisha, king'ora hutakiwa kuzimika. Kwa baadhi ya watu hakizimiki. Kishindo cha mlango huwarejesha mahali pa risasi, na usiku huja majinamizi. Vichwa na matumbo yao huuma kikweli, si kwamba wanajifanya.

Wataalamu wengi wanaeleza kwamba kumbukumbu ya hofu kubwa haikai akilini kwa mpangilio kama kumbukumbu nyingine. Hukaa vipande vipande: harufu ya moshi, ukelele, rangi ya nguo. Kipande kimoja kikiguswa, vyote huruka kana kwamba mambo yanatokea sasa. Hadithi ina mwanzo, kati na mwisho. Mtoto anayezoea kuuliza "kisha ikawaje?" anajizoeza kuona kwamba jambo hutangulia lingine, na kwamba baya likitokea huwa kuna kinachofuata.

Jambo la pili ni kinga. Katika hadithi ya kubuni ni ngamia anayemngoja mama, si mimi. Mtoto hupima uzito wa neno lake bila kujianika, na asipopenda mapokezi yake anaweza kusema kwamba hayo yalikuwa ya ngamia tu. Hata watu wazima hutafuta kinga ya namna hiyo. Valentino Achak Deng alikuwa mmoja wa wale vijana wa Sudan waliotembea kwa miguu hadi Ethiopia, wakafukuzwa na vita huko mwaka wa 1991, wakawasili Kenya mwaka wa 1992, wakati kambi ya Kakuma ilipoanzishwa. Baada ya kuishi kambini kwa miaka mingi alihamia Marekani. Mwaka wa 2006 mwandishi Dave Eggers alichapisha kitabu What Is the What kilichotokana na masimulizi yake. Ni maisha ya Deng, lakini kilitolewa kama riwaya, kwa kuwa alikuwa mdogo mno wakati mambo mengi yalipotokea asiweze kukumbuka kila neno. Watu wawili waliketi, mmoja akasimulia na mwingine akaandika, na ubuni ukaziba mapengo.

Jambo la tatu ni zamu. Maisha ya kambini yana foleni nyingi: foleni ya maji, ya chakula, ya karatasi. Mtoto husubiri tangu asubuhi, na mara nyingi akifika mbele huambiwa arudi kesho. Katika duara la hadithi zamu yake hufika, neno lake hupokelewa, na mwenzake hujenga juu yake.

Mgeni na mwenyeji

Huenda umesoma mahali fulani kwamba "Kakuma" ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipokuwepo. Waandishi wengi wa ng'ambo wamelirudia hilo. Wewe na mimi tunajua kwamba Kiswahili hakina neno hilo kwa maana hiyo. Ni mfano wa watu kusimuliwa na wengine bila wao kuulizwa.

Waturkana wenyewe wana kisa kingine kuhusu ardhi hiyo. Kinasimuliwa kwa namna nyingi, lakini kiini chake ni kwamba vijana wa kabila la Jie kutoka Karamoja, nchini Uganda, walifuata nyayo za fahali aliyepotea mpaka bonde la mto Tarach. Huko walimkuta mwanamke mzee wa kwao, Nayece, akichuma matunda ya mwituni, na fahali yuko naye. Waliipenda nchi, wakarudi kuwaita wenzao. Mto huo Tarach ndio upitao Kakuma. Basi hata wenyeji husimulia kwamba walianza kwa mtu aliyepotea na wageni waliomfuata.

Nataja kisa hiki kwa sababu ya kitabibu. Leo Kakuma na makazi jirani ya Kalobeyei, yaliyoanza kupokea watu mwaka wa 2016, yana zaidi ya watu 250,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Kati yao na wenyeji pamekuwa na ugomvi wa kuni, maji na malisho. Upweke na uhasama huongeza maradhi ya moyo ulioumia. Duara lenye mtoto wa Kiturkana, wa Kidinka na wa Kisomali, kila mmoja akileta fisi na sungura wa kwao, huwapa watoto hao jambo moja walilolifanya pamoja.

Utafiti wasemaje?

Sasa tufike kwenye swali ambalo msomaji makini ataliuliza. Je, mchezo huu unaponya?

Jibu la kweli ni kwamba mchezo peke yake hautoshi. Mwaka wa 2005 watafiti waliwachukua vijana 314 wa miaka 14 hadi 17 katika kambi mbili za Waacholi waliohamishwa na vita, kaskazini mwa Uganda. Baadhi waliwekwa katika vikundi vya mazungumzo vilivyofuata utaratibu maalumu wa tiba, wengine katika vikundi vya michezo ya ubunifu, na wengine wakasubiri. Katika vikundi vya mazungumzo huzuni ilipungua, hasa kwa wasichana. Vikundi vya michezo havikuonyesha tofauti kubwa na wale waliokuwa wakisubiri.

Linganisha na utafiti uliofanywa mwaka wa 2002 katika vijiji 30 vya kusini mwa Uganda, katika maeneo ya Rakai na Masaka. Watu wazima wenye huzuni ya kiwango cha ugonjwa walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, dakika 90 kila mara, kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo. Mwishoni ni asilimia 6.5 tu waliokuwa bado na ugonjwa huo, ilhali kwa wale ambao hawakupata vikundi ilikuwa asilimia 54.7. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Lakini walifunzwa, na walikuwa na utaratibu.

Vilevile, katika kambi ya Imvepi nchini Uganda, wakimbizi 43 wa Sudan walisaidiwa kwa njia tatu tofauti. Waliosaidiwa kupanga simulizi ya kweli ya maisha yao, tangu kuzaliwa, mmoja mmoja na mshauri, ndio waliopata nafuu zaidi. Mwaka mmoja baadaye, asilimia 29 kati yao ndio waliokuwa bado na ugonjwa wa mshtuko, dhidi ya karibu asilimia 80 katika njia nyingine mbili. Matokeo yalichapishwa 2004. Baadaye katika kambi ya Nakivale wakimbizi wenyewe, baada ya kufunzwa, waliweza kuwasaidia wenzao kwa njia hiyo.

Kwa hiyo kusimulia yaliyokupata kunaweza kuponya, mradi awepo aliyefunzwa, afuate utaratibu na arudi tena na tena. Hadithi ya ngamia haichukui nafasi hiyo. Kazi yake ni kama ya lishe bora: humjenga mtoto, humweka karibu na wenzake, na humpa mtu mzima nafasi ya kumtambua aliye mgonjwa kabla hajazidiwa. Mvulana yule wa Kakuma hakupona kwa sentensi moja. Alitambuliwa kwa sentensi moja, na kwa mtoto aliyekuwa hasemi hilo ni jambo kubwa.

Hatari ya kulazimisha

Kuna watu wenye nia njema ambao baada ya shambulio au ajali huwakusanya waathiriwa siku hiyo hiyo na kuwashurutisha kila mmoja aeleze yote aliyoyaona, kwa imani kwamba "akilitoa litamtoka". WHO limeshauri njia hiyo isitumiwe. Haizuii ugonjwa, na wengine huzidishiwa maumivu. Mtu aliyetoka katika msiba anahitaji kwanza usalama, maji, chakula, jamaa zake na mtu wa kumsikiliza akitaka mwenyewe kusema.

Tukumbuke pia kwamba hadithi haimshibishi mwenye njaa. Mwaka wa 2025 mgao wa chakula Kakuma ulipunguzwa sana kwa ukosefu wa fedha, na watu wakaandamana. Mtoto mwenye njaa hana nguvu ya kucheza. Asiyefikiriwa chakula chake asidhaniwe kuwa ametunzwa akili.

Namna ya kucheza

Hata wewe uliye mjini unaweza kuanza leo, nyumbani au shuleni. Stima ikipotea ndio wakati mzuri zaidi.

1. Keti na watoto sita hadi kumi katika duara, mahali ambapo wapita njia hawasikilizi. Nusu saa hadi dakika 40 zatosha. Huko Turkana, maliza kabla ya giza, kwa ajili ya nge na nyoka.

2. Tafuta kijiwe au kijiti. Aliye nacho ndiye msemaji. Wengine husikiliza.

3. Kila mmoja aseme sentensi moja au mbili, akianzia pale mwenzake alipoachia. Asiivunje kauli ya mwenzake, aiendeleze.

4. Kila mtoto ana ruhusa ya kupitisha kijiwe bila kusema, hata mara kumi. Hii ndiyo kanuni muhimu kuliko zote.

5. Wahusika wawe wanyama au watu wa kubuni. Pasitajwe jirani, mwalimu wala kabila la mtu.

6. Usiulize "Je, hayo yalikupata?" mbele ya wengine. Usicheke lugha ya mtoto wala kigugumizi chake.

7. Hadithi ikiingia katika damu na mauaji, usimkemee aliyesema. Uliza kundi zima: "Nani atakuja kusaidia?" Watoto watapata mtu.

8. Usiiache hadithi njiani. Mzunguko wa mwisho kila mmoja atoe kitu cha kumfikisha mhusika mahali salama: blanketi, taa, kibuyu cha maziwa. Kisha wimbo au mchezo wa kukimbia, ndipo watawanyike.

Dalili za kumpeleka mtoto kwa daktari

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Usitegemee mchezo peke yake ikiwa kwa zaidi ya wiki mbili mtoto haachi kuona majinamizi, amerudia kukojoa kitandani, haongei, hali, hachezi na wenzake, hushtuka kwa kila kishindo, au huumwa kichwa na tumbo bila sababu kuonekana. Kwanza apimwe magonjwa ya kawaida, kwa kuwa hata mwenye huzuni hupata malaria. Yasipoonekana, omba mhudumu wa afya ya akili. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Lodwar na vituo vya afya vya Kakuma ni mahali pa kuanzia kwa walio huko.

Mtoto akitaja kufa, kutaka kufa au kujidhuru, hata kwa kinywa cha fisi au ngamia, usingoje wiki mbili. Mpeleke siku hiyo hiyo na usimwache peke yake. Vilevile ukisikia dalili kwamba mtu mzima anamtendea maovu, usimhoji kama polisi. Mwambie umemwamini, kisha tafuta msaada. Namba ya watoto ya 116 hupigwa bila malipo popote nchini Kenya.

Kwa mzazi wa mjini ambaye watoto wake hawajaona vita, usidhani kwamba haya hayakuhusu. Talaka, kufiwa, kuhamishwa shule na kichapo cha kila siku humnyamazisha mtoto vilevile. Zima televisheni mara mbili kwa wiki, tafuta kijiwe, na uanze na sentensi moja. Kisha mpe mwenzako, unyamaze, na usikilize.